Kinanda Hakijibu: Mwongozo wa Studio kwa Wakala wa Akili Unde (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia pale wakala wa akili unde, yaani programu inayopokea agizo kwa lugha ya kawaida na kulitekeleza yenyewe, anapoambiwa na prodyuza: "Punguza makali ya hiyo besi kidogo." Binadamu angenyoosha mkono, akazungusha kichujio huku akisikiliza. Wakala hana mkono wala sikio. Alicho nacho ni orodha ya zana na maelezo ya kila moja, na asichokikuta humo atakibuni.

Lugha ya vyombo vyenyewe ni ya zamani. Januari 1983, kwenye maonyesho ya ala za muziki ya NAMM huko California, sinthesaiza ya Prophet-600 iliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland. Ikibonyezwa moja, ya pili inalia. Huo ndio mfumo wa MIDI, ambao Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani waliuhangaikia hadi makampuni hasimu yakaukubali. Hausafirishi sauti, husafirisha namba. Ukitaka Do (C) ya katikati ilie kwenye chaneli ya kwanza, waya hupitisha 144, kisha 60, kisha nguvu ya mpigo, tuseme 100. Basi. Volyumu ni kidhibiti namba 7, kusogeza sauti kushoto au kulia ni namba 10.

Mambo yaliyonyooka hivyo yanahitaji maelezo gani tena? Itazame ile 60. Yamaha huiita C3, Roland huiita C4. Chaneli zinazosomeka 1 hadi 16 kwenye kioo, ndani ya waya ni 0 hadi 15. Mtu akikosea oktava hucheka, akarekebisha. Wakala ataandika mstari mzima wa besi mahali pasipo pake, kisha atangaze kwa adabu zote kwamba kazi imekamilika.

Kwenye itifaki ya Model Context Protocol, ambayo kampuni ya Anthropic iliitoa Novemba 2024, zana huelezwa kwa wakala kwa mambo matatu makuu: jina, maelezo, na mpangilio wa JSON wa thamani inazopokea. Zimeshatokea programu zinazomuunganisha wakala na Ableton Live, programu ya kutengenezea muziki, kwa njia hiyo. Waandishi wengi wa programu hupanga JSON kwa uangalifu, halafu kwenye maelezo huandika "Huweka kichujio" na kwenda zao. Mimi ningeandika hivi:

"Hubadilisha kiwango cha kichujio kwenye chaneli iliyotajwa, 1 hadi 16. Thamani ni 0 hadi 127; 127 ni kichujio kilicho wazi kabisa. Si hezi. Chombo hakirudishi jibu. Usibadilishe zaidi ya 10 kwa mara moja bila kumuuliza mtumiaji."

Hayo maneno mawili, "Si hezi", usiyadharau. Wakala amesoma maandishi mengi ya wahandisi wa sauti, na humo kichujio hupimwa kwa hezi. Usipomkataza atatuma 800 kwa moyo mkunjufu.

Linalonisumbua zaidi ni hilo la kutojibu. Waya wa MIDI wa asili huenda upande mmoja, na ujumbe wa kidhibiti haurudishi risiti. Chombo kilichotii na chombo kilichozimwa, kwa wakala ni kitu kilekile. Kwa hiyo maelezo yamkataze kusema "nimepunguza", aseme "nimetuma". MIDI 2.0, iliyoidhinishwa 2020, inaruhusu vyombo kujibizana na hata kujieleza vyenyewe kwa JSON, lakini studio zimejaa vyombo vya kale, na wenyewe hawana mpango wa kuviuza.

Kuna pia hatari ya kufuta. Yamaha DX7 ya 1983 hupokea mipangilio 32 ya sauti kwa ujumbe mmoja wa baiti 4,104. Kinga ya kumbukumbu ikiwa imeondolewa, ujumbe huo hufunika mipangilio yote 32 iliyokuwemo, na hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Zana ya namna hiyo isichanganywe na nyingine. Jina lake litamke kwamba inafuta, na maelezo yamtake wakala athibitishiwe na mwenye kinanda kwamba nakala imeshahifadhiwa. Wapo wanaorahisisha mambo kwa kumpa wakala zana moja ya kutuma baiti zozote zile. Kwangu hiyo haiingii studio.

Hata hivyo maelezo nayo yana gharama, kwa kuwa wakala huyabeba yote kichwani muda wote wa kazi. Zana 40 zenye aya ndefu ndefu humchanganya kuliko kumsaidia. Wiki ijayo tutaona jinsi ya kuzipunguza, na tutaanzia kwenye kurasa za mwisho za kitabu cha kinanda, penye jedwali la MIDI ambalo karibu kila mtu hulipita. Duara ni ndiyo, msalaba ni hapana. Mwenye kinanda aangalie safu ya ujumbe unaopokelewa, ahesabu misalaba.