Diski ya Kamera za Duka Ina Umri: Iwekee Akiba Kabla ya Msimu

Na Mwandishi Wetu, Hasamba

WAFANYABIASHARA wengi waliofunga kamera za ulinzi dukani au nyumbani huhesabu bei ya kamera, nyaya na malipo ya fundi, kisha wakafunga daftari. Kitu kimoja huwa hakimo katika hesabu hiyo, nacho ni diski ngumu iliyo ndani ya mashine ya kurekodi, ile ambayo mafundi huiita DVR. Kamera inaweza kukaa ukutani miaka mingi bila matatizo. Diski inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, usiku na mchana, na kama tairi la lori linalokwenda Tunduma, kuna siku itakwisha.

Kwa msomaji wa Hasamba na kata nyingine za Mbozi, jambo hili si dogo. Hii ni wilaya ya kahawa, na uvunaji unapopamba moto katikati ya mwaka, magunia na fedha taslimu hukaa karibu na watu kuliko wakati mwingine wowote. Mnunuzi wa mazao, mwenye duka la pembejeo, wakala wa fedha za simu na mwenye nyumba ambaye stoo yake ndiyo ghala, wote wanategemea rekodi ileile endapo patatokea wizi, au mteja akidai kuwa alilipa na hakurudishiwa chenji.

PICHA IPO, REKODI HAIPO

Hatari kubwa ni kwamba kifo cha diski mara nyingi hakionekani. Mashine nyingi za kamera huendelea kuonyesha picha za moja kwa moja kwenye televisheni au kwenye simu hata kama diski imekufa kabisa. Mwenye duka anaona mlango wake, kaunta yake na wateja wake, naye anaamini mambo ni shwari. Anagundua ukweli siku anapotafuta picha za juzi na kukuta hakuna kitu.

Kwa hiyo kuangalia skrini si ukaguzi. Ukaguzi ni kufungua sehemu ya kurudia picha, kuchagua siku ya jana na siku kumi zilizopita, kisha kuona kama kweli zipo na zinaonekana. Kazi hiyo haizidi dakika tano. Ifanywe kila wiki, siku ileile ya kufunga hesabu za mauzo, na ikaandikwe kwenye daftari. Aidha, mashine nyingi zina mpangilio wa kupiga kengele au kutuma ujumbe kwenye simu diski inapopata hitilafu. Mafundi wengi huacha mpangilio huo ukiwa umezimwa. Mwambie fundi auwashe kabla hujamlipa.

DISKI INAFANYA KAZI KIASI GANI

Tuchukue duka lenye kamera nne, kila moja ikirekodi kwa mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde. Kamera moja itatumia gigabaiti 21.6 kwa siku, na zote nne gigabaiti 86.4. Diski ya terabaiti 1 itajaa baada ya siku 11 na ushee, kisha mashine itaanza kufuta picha za zamani ili kuandika mpya. Kwa mwaka mzima diski hiyo inaandikiwa zaidi ya terabaiti 31.

Hapo ndipo aina ya diski inapokuwa na maana. Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani, kwa mfano BarraCuda ya Seagate, imetengenezwa kwa makadirio ya saa 2,400 za kazi kwa mwaka. Mwaka mzima una saa 8,760, na mashine ya kamera haizimwi. Diski zilizotengenezwa kwa kazi ya kamera, kama WD Purple na Seagate SkyHawk, hukadiriwa kufanya kazi saa 24 kila siku, na kwa kawaida watengenezaji huzipa dhamana ya miaka 3. Fundi anayetoa diski kwenye kompyuta kuukuu na kuitia kwenye kamera anakupunguzia gharama leo, lakini anakuongezea hasara ya kesho.

Hata diski nzuri hufa. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayohifadhi takwimu za watu kwa kutumia diski takriban 300,000, ilitangaza kuwa katika mwaka 2024 kiwango cha diski zake kufa kilikuwa asilimia 1.57. Hiyo ni karibu diski moja katika kila 64, tena katika majengo yenye ubaridi na umeme wa uhakika. Nao watafiti wa Google, waliochunguza diski zaidi ya 100,000 na kutoa ripoti mwaka 2007, walikuta kuwa diski iliyoonyesha kosa la kwanza la usomaji ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu. Maana yake ni kwamba ukiona dalili usisubiri, na usipoiona usijiamini.

UMEME NA VUMBI

Adui wa diski katika mazingira yetu ni umeme unaokatika ghafla na kurudi kwa nguvu. Diski ikikatiwa umeme katikati ya kuandika inaweza kuharibu orodha ya kumbukumbu zake, na picha zikawepo lakini zisisomeke. Walioendesha biashara wakati wa mgawo wa mwaka 2011 na ule wa mwaka 2023 wanaijua hali hiyo. UPS ndogo, kile kisanduku chenye betri, inatosha kuibeba mashine ya kamera kwa muda na kuikinga na umeme wa kupanda na kushuka. Betri yake nayo huchakaa, hivyo ijaribiwe kila baada ya miezi michache kwa kuchomoa waya ukutani.

Vumbi la kiangazi nalo huziba feni na matundu ya hewa, na mashine hupata joto. Mashine isifungiwe kwenye kabati lisilo na hewa, isiwekwe juu ya jokofu wala chini ya magunia. Iwekwe mahali palipofichika lakini penye hewa, maana mwizi anayejua kazi yake huondoka nayo.

TAHADHARI SOKONI

Mnunuzi wa diski ajue kuwa si kila diski yenye mfuko mpya ni mpya. Mwanzoni mwa mwaka 2025 iligundulika nchini Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zinauzwa madukani kama mpya, huku kumbukumbu ya saa zake ikiwa imefutwa. Kama hilo liliwezekana huko, mnunuzi wa Kariakoo, Mbeya au Tunduma naye afungue macho. Ombeni risiti ya EFD yenye namba ya diski, linganisheni namba hiyo na iliyobandikwa kwenye diski yenyewe, na mwambieni fundi asome saa ilizofanya kazi mbele yenu kabla ya kulipa.

Bei nayo hutegemea mambo ya mbali. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalifunika viwanda vya diski, na bei ya baadhi yake duniani ikapanda hadi mara mbili katika muda mfupi. Anayesubiri diski ife ndipo anunue, hununua kwa bei yoyote atakayoikuta.

NAKALA NDIYO BIMA

Diski ikifa, kumwendea mtaalamu wa kufufua kumbukumbu hugharimu mara nyingi zaidi ya bei ya diski mpya, na mafanikio si ya uhakika. Njia rahisi ni nakala. Tukio lolote la maana, liwe wizi, ugomvi au mzigo uliopokelewa pungufu, linakiliwe siku hiyohiyo kwenye flashi, na nakala ya pili ikae nje ya duka. Mashine yenye nafasi ya diski mbili inaweza kuandika picha zilezile kwenye zote mbili, lakini hiyo haimsaidii aliyeibiwa mashine nzima.

Nakala ina uzito pia mbele ya sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini katika kuupima mahakama huangalia jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kama haukuchezewa. Andika tarehe, saa, jina la aliyenakili na mahali flashi ilipowekwa. Wala picha za wateja zisisambazwe kwenye makundi ya simu, kwani tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika.

Wenye ving'amuzi vinavyorekodi vipindi nyumbani wafahamu tofauti moja. Vipindi hivyo kwa kawaida hufungwa kwa king'amuzi kilekile, hivyo diski ikifa vimekwenda. Picha za harusi au za mazishi ya mzee zisitegemee kifaa cha namna hiyo, wala diski moja ya aina yoyote.

HESABU YA KUWEKA AKIBA

Tuchukulie, kwa mfano tu, kuwa diski ya kamera inauzwa Sh. 180,000 na dhamana yake ni miaka 3. Gawa kwa miezi 36, unapata Sh. 5,000 kwa mwezi. Fedha hiyo iingizwe katika uchakavu wa vifaa kama inavyofanywa kwa mizani na jokofu. Dhamana ikiisha, badilisha diski hata kama bado inafanya kazi, na ile ya zamani itunzwe kama akiba ya dharura.

Wakati mzuri wa kubadilisha ni kabla ya msimu wa kahawa, mafundi wakiwa bado na nafasi na duka likiwa halina foleni. Mwenye duka ambaye diski yake imefikisha mwaka wa tatu asisubiri magunia ya kwanza yafike.