Zege la Lori na Zege la Beleshi: Maji, Muda na Kipimo Katika Ujenzi wa Nyumba

Malori yenye pipa kubwa linalozunguka mgongoni si kioja tena katika barabara za Nairobi na vitongoji vyake. Hubeba zege lililokwisha kuchanganywa kiwandani, nalo humwagwa moja kwa moja mahali pa ujenzi. Wakati uo huo, hatua chache kutoka barabara hizo hizo, utawakuta vibarua wameinamia rundo la mchanga, kokoto na saruji, mabeleshi mikononi, wakiligeuza huku na huku. Mwananchi anayejenga nyumba yake ya kwanza, aghalabu kwa mkopo wa chama cha akiba, hujiuliza ni njia ipi kati ya hizi mbili imfaayo. Makala haya yanadhamiria kulifafanua suala hilo. Tutaonyesha kwamba zege hupata nguvu au hudhoofika kwa sababu ya maji, muda na vipimo, na kwamba mambo hayo matatu yanaweza kuharibiwa na lori sawa na yanavyoharibiwa na beleshi.

Yumkini msomaji atashangaa kwa nini mwanafunzi wa fasihi anajitosa katika saruji. Mafundi wetu huifanya kazi hii kwa Kiswahili kuanzia alfajiri hadi magharibi, ilhali michoro ya wahandisi imeandikwa kwa Kiingereza. Baina ya lugha hizo mbili pana pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo vipimo hupotelea. Hata majina yenyewe yanahitaji kutengwa. Saruji ni ule unga wa mfukoni, ambao wengi huuita simiti. Kokoto ni mawe yaliyopondwa, na mjengoni huitwa balasti. Zege ni mchanganyiko wa hivyo viwili pamoja na mchanga na maji. Mwenye nyumba akisema “simiti imeisha,” fundi hana budi kuuliza kama ni unga au ni mchanganyiko.

Watu wengi hudhani kwamba zege huwa gumu kwa kukauka. La hasha. Saruji inapokutana na maji, huanza mmenyuko wa kikemikali ambao huzalisha fuwele ndogo ndogo zinazoshikamana na kuyafunga mawe na mchanga pamoja. Maji ni sehemu ya ugumu wenyewe. Hata hivyo, mmenyuko huo unahitaji maji yenye uzito wa takriban robo tu ya uzito wa saruji. Yanayozidi hapo hutiwa ili mchanganyiko uwe laini na uweze kusambazwa. Baadaye hutoka kwa mvuke na kuacha vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Kadiri vinyweleo vinavyokuwa vingi, ndivyo zege linavyodhoofika. Duff Abrams, mtafiti wa Marekani, alilieleza jambo hilo kwa kanuni mnamo mwaka wa 1918, na kanuni hiyo ingali inatumika.

Tuitafsiri kanuni hiyo kwa lugha ya mtungi. Mfuko wa saruji una kilo 50. Kwa zege la slabu, maji ya lita 25 kwa mfuko, yaani mtungi mmoja wa lita 20 na robo yake, ni kipimo kizuri. Mchanga uliolowa mvua ukitumika, maji hupunguzwa zaidi. Kibarua akimimina mitungi miwili kamili, nguvu ya zege inaweza kushuka kwa karibu nusu. Na kibarua ana sababu ya kumimina. Zege lenye maji mengi huteleza kwenye beleshi na karai huwa rahisi kumwaga. Mtu aliyelipwa kwa siku, na ambaye mgongo wake ndio mtambo, hatakataa wepesi huo asipoelezwa madhara yake. Sioni haki kumwita mvivu.

Udhaifu wa pili wa zege la mkono ni kipimo. Mhandisi huandika 1:2:4, maana yake sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, kwa ujazo. Mjengoni sehemu hizo hugeuka kuwa wilibaro, na wilibaro hujazwa kwa hiari ya anayeisukuma: asubuhi huwa na kilele, alasiri huwa tambarare. Tiba yake ni ya bei nafuu mno. Mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa takriban lita 35. Seremala akiunda sanduku la mbao lenye urefu na upana wa sentimita 35 na kina cha sentimita 29 hivi, huwa amepata kipimo kinacholingana na mfuko. Masanduku mawili ya mchanga na manne ya kokoto kwa kila mfuko, na ubishi umekwisha. Mchanganyiko ugeuzwe ukiwa mkavu mpaka uwe na rangi moja, kisha ndipo maji yatiwe kidogo kidogo, tena juu ya sakafu ngumu au mabati, si juu ya udongo.

Kwa msingi wa kibanda, nguzo chache au sakafu ya chumba, njia hiyo inatosha kabisa. Mambo hubadilika tunapofikia slabu ya ghorofa. Chukua slabu ya mita mraba 100 yenye unene wa sentimita 15. Hiyo ni mita 15 za ujazo, takriban mifuko 95 ya saruji na tani 36 za zege, zinazopaswa kugeuzwa, kuinuliwa na kumwagwa kwa siku moja. Vibarua wakienda kula chakula cha mchana, zege la asubuhi huanza kushika, na lile la alasiri halishikamani nalo barabara. Hapo hubaki mshono dhaifu, na mara nyingi ndiko maji ya mvua hupenyea.

Hapa ndipo lori lina faida isiyopingika. Kiwandani viungo hupimwa kwa uzito, na malori matatu yenye mita sita za ujazo kila moja yanaweza kuimaliza slabu hiyo kwa mfululizo. Wazo lenyewe ni la zamani: Mjerumani Jürgen Hinrich Magens alipata hataza ya zege la kiwandani mwaka wa 1903. Lakini lori nalo lina adui wake, nao ni muda. Desturi iliyozoeleka ni kwamba zege limwagwe kabla ya dakika 90 kupita tangu maji yalipokutana na saruji, isipokuwa limetiwa dawa ya kuchelewesha kushika. Anayeijua Barabara ya Mombasa wakati wa msongamano ataielewa hofu hiyo. Lori likifika limechelewa na zege limekuwa zito, dereva au msimamizi huomba mpira wa maji ili “lilainishwe.” Hapo mwenye nyumba huwa amelipia usahihi wa kiwanda kisha akaumwaga langoni mwake. Heri asome hati ya mzigo kabla ya zege kushuka, aone daraja aliloagiza, kiasi chake na saa ya kupakia.

Isitoshe, lori lililojaa halipiti kila mahali. Mita sita za ujazo pekee ni zaidi ya tani 14, na njia ya udongo iliyolowa haibebi mzigo huo. Mbali na miji mikubwa huduma yenyewe haipatikani kwa urahisi. Kwa wajenzi wa huko, miksa ndogo ya kukodi ndiyo njia ya kati: huchanganya sawasawa na kwa haraka, vibarua hawapotezi ujira wao, na lile sanduku la seremala bado linatumika.

Njia yoyote itakayochaguliwa, zege la slabu lipimwe. Hujazwa katika vyetezo vya chuma vya sentimita 15 kila upande, na vipande hivyo huvunjwa maabarani baada ya siku 7 na siku 28. Sampuli ichukuliwe wakati wa kumwaga, pale pale mjengoni. Wataalamu wametaja zege hafifu miongoni mwa sababu za majumba kuporomoka nchini, na gharama ya vipande vichache ni ndogo ikilinganishwa na slabu. Kisha slabu ifunikwe kwa magunia na inyweshwe maji kwa muda usiopungua siku 7, kwa kuwa mmenyuko tulioutaja hukoma zege likikauka mapema. Wengi walionunua zege la lori huisahau kazi hii, wakidhani kiwanda kimekwisha kuifanya. Miti inayoishikilia slabu kwa chini isiondolewe kabla mhandisi hajaruhusu, hata kama mwenye miti ameanza kupiga simu akiitaka.