Altezza ya yadini au ya mkononi?

Fundi hakugusa ufunguo kwanza. Aliweka kiganja juu ya boneti ya Altezza nyeusi iliyoegeshwa mbele ya nyumba moja Kinondoni, akatulia kidogo, kisha akamgeukia mwenye gari: "Bosi, umeiwasha muda si mrefu?" Mwenye gari akakiri kwamba ameitoa nje ya geti, basi. Fundi akatuambia twende tukanywe chai, turudi injini ikiwa imepoa. Tuliporudi baada ya saa mbili na ufunguo ukazungushwa, bomba la nyuma lilitoa moshi wa bluu kwa sekunde kadhaa, halafu ukakata. Ilikuwa oili inaungua. Bei ambayo muuzaji na mnunuzi walikwisha kukubaliana kwa simu ikafa palepale.

Jamaa yangu niliyemsindikiza siku hiyo alirudi nyumbani akiapa kwamba hanunui tena mkononi, ni yadini tu. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi Dar es Salaam, na mara nyingi vilevile nimesikia kinyume chake: yadi zinapaka rangi na kupandisha bei, afadhali mkononi mwa mtu. Kwa gari la kwendea kazini, ubishi huo unaweza kuisha kwa kulinganisha bei. Gari la kasi lina mambo yake. Magari mawili ya mwaka mmoja, rangi moja na kilomita zilezile yanaweza kutofautiana kama usiku na mchana, kwa sababu moja liliendeshwa na mtu mzima mwenye subira na jingine lilikuwa likikanyagwa kila Ijumaa usiku. Kwa hiyo mnunuzi wa gari la aina hii aanze kwa kuuliza hivi: kati ya mwenye yadi na mtu binafsi, nani anaweza kunithibitishia gari hili limeishi vipi?

Altezza ni mfano mzuri kwa sababu imejaa mjini. Toyota waliizindua Japani Oktoba 1998, ikashinda tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Japani ya 1998–1999, na nje ya Japani ikauzwa kwa jina la Lexus IS. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 2005. Maana yake, hakuna Altezza changa popote duniani. Hapa ndipo wengi huchanganywa na namba za usajili. Madalali hutaja gari kwa herufi: "Hii namba D, ile namba E." Herufi hiyo husema gari lilisajiliwa lini Tanzania, lakini haisemi lilitengenezwa lini. Altezza yenye namba E na yenye namba C ni marika. Tofauti yao ni muda zilioishi kwenye barabara zetu, matuta yetu na mafuta yetu.

Tofauti hiyo ina gharama, na sehemu kubwa ya gharama hiyo ni kodi. Chukua gari la lita 2 ambalo thamani yake pamoja na usafiri na bima hadi bandarini imekadiriwa kuwa shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya ukubwa huo ni asilimia 5, na kwa kuwa gari limevuka miaka 10 linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Zote mbili hukokotolewa juu ya milioni 12.5, nazo ni shilingi 4,375,000. VAT ya asilimia 18 inaongeza shilingi 3,037,500. Jumla ni shilingi 9,912,500 kabla ya tozo za reli, forodha na usajili. Kama gari lingekuwa chini ya miaka 8, kodi hizo tatu zingekuwa shilingi 5,487,500. Uzee peke yake umegharimu shilingi 4,425,000. Kumbuka pia kwamba Mamlaka ya Mapato (TRA) hutumia kikokotoo chake cha thamani za magari, kilichopo kwenye tovuti yake. Ankara uliyotumiwa na muuzaji wa Japani si lazima ndiyo itakayotumika.

Hiyo ndiyo sababu gari la yadini huwa juu. Mwenye yadi amelipa kodi hizo karibuni, analipa pango na mlinzi, na mtaji wake umelala juani ukisubiri mteja. Mwenye gari la mkononi alilipa kodi hiyo miaka mingi iliyopita, au aliilipa aliyemtangulia. Ukiona tofauti ya bei, usikimbilie kusema yadi ni wezi wala kwamba mtu binafsi ana shida ya pesa. Jiulize kwanza fedha ya ziada inakununulia nini.

Yadini inapaswa kukununulia karatasi ya mnada. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani hupitia minada kama ya USS, na kila gari hukaguliwa na kuandikiwa karatasi yenye alama na mchoro wa bodi. Alama ya 4 au 4.5 ni gari zuri. Alama ya R au RA ina maana limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa au kupakwa rangi upya, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Kilomita nazo zimeandikwa. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, unazunguka gari kipande kwa kipande ukilinganisha. Mwenye yadi akikwambia imepotea, mwombe namba ya chasisi na utafute mwenyewe nakala yake kwa huduma za kulipia mtandaoni. Gari la yadini lisilo na karatasi ya mnada limekosa kitu pekee kilichohalalisha bei yake.

Mkononi unachopaswa kupata ni historia ya hapa. Nani anaihudumia, anatumia oili gani, mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini? Injini zote mbili za Altezza hutumia mkanda, na kilomita 100,000 ni muda wa kuubadilisha. Muuzaji mwenye bahasha ya risiti, mwenye kukupa namba ya fundi wake bila kusita, ana thamani kuliko gari linalong'aa. Nenda kwa fundi huyo, halafu umpeleke na wako.

Kuna ujanja mmoja wa Altezza ambao kila mnunuzi aujue. RS200 ina injini ya 3S-GE yenye silinda 4, inayotoa nguvu ya farasi 210 kwenye gia za mkono. AS200 ina injini ya 1G-FE yenye silinda 6, ambayo ni laini lakini hutoa 160 tu. RS200 ndiyo inayotafutwa, kwa hiyo beji yake hubandikwa hata isipostahili. Usisome beji. Fungua boneti usome kibati cha chasisi: ikianza SXE10 ni RS200, ikianza GXE10 ni AS200. Kisha linganisha na kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu. Zoezi hilo ni la dakika 2.

Sasa kuna kundi la tatu ambalo linavuruga mgawanyo wote huu. Magari mengi yaliyo yadini si ya yadi. Mwenye gari ameliacha pale liuzwe kwa kamisheni, na dalali amesimama katikati. Unalipa bei ya yadi kwa gari la mkononi, na karatasi ya mnada huipati wala mwenye historia humwoni. Dawa yake ni swali moja kabla ya kuzungumza bei: kadi ina jina la nani? Kama ni la mtu, omba kuonana naye, na fedha iende kwake kwa benki. Kama kadi halisi haipo na unaonyeshwa nakala, huenda imeshikwa kama dhamana ya mkopo. Ondoka.

Sheria nayo inatenganisha wauzaji hawa, ingawa wachache huitumia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humbana muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo: kinachouzwa kwa maelezo kinapaswa kuwa na ubora wa kuuzika. Ila ukilikagua gari mwenyewe, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuiona. Mtu binafsi anayeuza gari lake moja habanwi na sharti hilo. Kinachoweza kumbana ni maneno yake, kwa kuwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakuruhusu kuvunja mkataba ulioingia kwa kudanganywa. Kwa hiyo yaandikwe kwenye mkataba wa mauziano: kilomita hizi, ni RS200, halijawahi kugongwa, halidaiwi. Asiyekubali kuandika alichosema kwa mdomo amekujibu. Yadini dai risiti ya EFD yenye bei kamili, maana bila hiyo huna ushahidi kwamba ulinunua kwa mfanyabiashara.

Majirani zetu Wakenya wamefika kwenye swali hilihili kwa njia nyingine. Kwao gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia kabisa. Altezza iliyoshuka melini karibuni haipo yadini Nairobi. Ipo ya mkononi tu. Subaru Impreza, gari ambalo Colin McRae alilishindia Safari Rally ya 1997 na ambalo Wakenya wanalipenda mno, inaelekea hukohuko: mrithi wake wa kasi, WRX STI yenye injini ya EJ20 iliagwa mwaka 2019 kwa toleo la mwisho la magari 555. Kila Januari mpaka wa miaka unasogea, na magari hayo yanabaki kuwa ya kurithiana. Sisi Serikali haijatufungia mlango, imetuwekea bei mlangoni. Matokeo yanakaribiana: gari la kasi la zamani lililotunzwa hapa nchini linapanda thamani.

Hukumu yangu ni hii. Kwa magari yaliyozeeka kama Altezza, nunua mkononi kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi na ana risiti za matengenezo, kwa kuwa kodi ya uzee ilishalipwa na historia inaonekana. Kwa magari ya turbo kama Subaru, ambayo injini yake haisamehe aliyechelewesha oili, nenda yadini uchague lililoshuka melini karibuni likiwa na karatasi yake ya mnada. Popote utakapokwenda, injini iwe baridi, fundi awe wako, na sehemu ya kumi ya bei ibaki mfukoni kwa matengenezo ya mwanzo. Tena angalia kama namba ya gari ina faini za trafiki kabla ya kulipa.

Kwa wenye yadi nina ombi moja. Mnabandika bei kwenye kioo cha mbele. Bandikeni na karatasi ya mnada pembeni yake. Anayefanya hivyo hatahitaji kuapa mbele ya mteja, na bei yake haitabishiwa sana.

Jamaa yangu alinunua Altezza miezi 3 baadaye, kwa mwalimu mmoja mstaafu. Ilikuwa mkononi, chasisi GXE10, namba C, rangi imepauka juu ya paa. Risiti zake zilijaa kasha la viatu. Injini ilikuwa baridi, ikawaka mara moja, na bomba halikutoa moshi.