Kufunga Mkanda wa Taimingi wa Injini ya Dizeli

Mandera iko katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Kenya, mahali nchi hii inapopakana na Ethiopia na Somalia, nayo iko mbali na Nairobi kiasi cha kilomita 1,000 kwa barabara. Msafiri apitaye El Wak, Wajir na Garissa huvuka nyika ndefu zisizo na duka la vipuri wala karakana. Gari likizimika huko, abiria wake, na pengine mgonjwa anayepelekwa hospitali, hubaki juani wakingoja msaada. Kwa hiyo yafaa kila dereva na kila fundi aelewe kazi ya mkanda wa taimingi, maana mkanda uliofungwa vibaya waweza kuiharibu injini kwa muda wa sekunde chache.

Kazi ya mkanda

Tutatoa mfano wa injini za dizeli za Toyota za namna ya 2L, 3L na 5L, zilizotiwa katika magari mengi ya Hilux na Hiace. Mkanda wa mpira wenye meno huunganisha puli tatu: ya shafti ya krenki, ambayo huzungushwa na pistoni, ya kamshafti, ambayo hufungua valvu, na ya pampu ya dizeli. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja tu. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 25 katika kila sekunde.

Katika injini hizi hewa hushindiliwa mpaka ibaki kama sehemu moja ya 22, hivyo nafasi iliyo juu ya pistoni ni ndogo mno. Mkanda ukikatika, au ukiruka meno kadhaa, pistoni hugonga valvu iliyo wazi na kuipinda. Katika magari mengi ya dizeli ya Toyota taa yenye maneno T-BELT huwaka mwendo ukifika kilomita 100,000. Lakini joto kali, vumbi na oili inayovuja hupunguza maisha ya mkanda, kwa hiyo usiingoje taa kama mkanda umekwisha kupasuka au kulowa oili.

Namna ya kuubadilisha

Kwanza, ngoja injini ipoe. Vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, weka gia huru, kisha ondoa waya wa betri.

Pili, fungua vifuniko. Kwa spana, zungusha bolti ya krenki upande ule ule injini inaozungukia, mpaka alama za puli zote tatu zielekeane na alama zilizo kwenye injini. Hapo pistoni ya kwanza imefika juu. Ikiwa alama ya krenki iko sawa lakini ya kamshafti iko upande wa pili, zungusha krenki mara moja zaidi.

Tatu, legeza roli ya kukaza, utoe mkanda. Tangu hapo usizungushe krenki wala kamshafti ovyo. Hesabu meno ya mkanda wa zamani na ya ule mpya, nayo yawe sawa. Kagua beringi za roli na sili za oili. Kilichochakaa kibadilishwe sasa.

Nne, vika mkanda mpya kwa mkono, usiushindilie kwa bisibisi. Upande usio na roli ya kukaza uwe umenyooka kabisa. Ulegevu wote ubaki upande wa roli. Kisha achia roli ili springi yake ikaze mkanda.

Tano, na hapa ndipo wengi hufanya haraka: kabla ya kuwasha, zungusha krenki kwa spana, polepole, mara mbili kamili. Ikikwama, usiilazimishe, kwani huenda pistoni imekutana na valvu. Ikizunguka vizuri, tazama alama tena. Zikiwa sawa zote tatu, kaza bolti ya roli. Zikipishana hata kwa jino moja, toa mkanda uanze upya.

Dalili za kosa

Puli ya pampu ikiwahi, dizeli huingia mapema na injini hugonga kwa sauti kali. Ikichelewa, gari hukosa nguvu na hutoa moshi mweupe. Dalili hizo zikionekana, zima injini mara moja ukague alama.

Magari mengine, kama Probox zenye injini ya 1NZ, hutumia mnyororo badala ya mkanda, na kila injini ina alama zake. Fundi afuate kitabu cha gari lenyewe. Mwenye gari naye aandike tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa, akibandike kikaratasi hicho chini ya boneti. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.