Jina la Aisha na Neno «Maisha»

Miongoni mwa majina ya kike ambayo Waswahili waliyapokea kutoka katika Kiarabu, ni machache yaliyoenea kama Aisha. Pwani husikika pia Asha, Esha na Mwanaisha. Nchini Kongo, ambako Uislamu uliingia Maniema pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, huandikwa hata Aïcha, kwa tahajia ya Kifaransa.

Jina hili latokana na kitenzi cha Kiarabu ‘āsha, yaani kuishi. Maana yake basi ni «mwanamke aliye hai», «aishiye». Mzizi huo huo ndio ulioipatia lugha ya Kiswahili kitenzi -ishi na nomino maisha. Nomino hiyo yastahili kuangaliwa kwa makini: silabi yake ma- si kiambishi cha Kibantu, bali ni sehemu ya neno la Kiarabu ma‘īsha. Hata hivyo Kiswahili kimeipokea kama kiambishi cha ngeli ya 6, kikasema maisha yangu, maisha marefu. Mgeni amevishwa nguo za mwenyeji.

Ni rahisi kuuchanganya mzizi huo na maneno mawili yanayofanana nao kwa sauti tu. Isha, sala ya usiku, ni neno la Kiarabu lakini la mzizi mwingine. Kitenzi -isha, kumalizika, ni cha Kibantu, nacho ndicho kilichozaa -mesha- katika «ameshafika». Kosa hili si dogo: afasiriye Aisha kwa -isha huigeuza dua ya uhai kuwa habari ya mwisho.

Jina halikuenea kwa maana yake pekee. Bibi Aisha binti Abubakari, mkewe Mtume Muhammad, aliyefariki mwaka 678, huheshimiwa na Wasuni kwa Hadithi nyingi alizozipokea. Kwa Washia jina hili ni adimu, kwani katika Vita vya Ngamia, karibu na Basra mwaka 656, alikuwa upande uliopigana na Ali.

Kuna wanaodai kwamba Asha na Esha ni majina yaliyoharibika. Dai hilo halina msingi. Kiswahili hakina sauti ya ‘ayn iliyo mwanzoni mwa jina la Kiarabu wala hamza iliyo katikati yake, irabu zilizobaki pamoja huungana, na Esha hufuata kanuni ile ile iliyofanya ma-ino kuwa meno. Mwanaisha nalo limeongezewa mwana, neno la kumheshimu mwanamke. Afrika Magharibi imepita njia nyingine: Aïssatou wa Senegali bado amehifadhi -tu, mwisho wa jina la kike katika Kiarabu fasaha, ambao Kiswahili kimeuacha.