Lori la Dizeli Lisizime Njiani: Tubadilishe Mabomba na Mipira ya Mafuta



Huku kwetu Kilwa na mwambao wote wa Lindi, lori la zamani bado lina kazi kubwa. Msimu ukifika linabeba ufuta na korosho. Linabeba chumvi, nazi na saruji. Na usiku, gari jingine likikosekana, linabeba mgonjwa.

Barabara yetu tunaijua. Zamani magari yalisubiri kivuko cha Ndundu ili kuvuka mto Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na safari ikawa nyepesi. Lakini mvua haina mwenyewe. Mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara kuu upande wa Somanga, na magari yakakwama.

Lori likizuiwa na mafuriko, dereva hana la kufanya. Lakini lori likizima kwa sababu ya mpira wa mafuta uliooza, hilo lilizuilika. Mzigo wa ufuta unanyeshewa, mnunuzi anaondoka, na mgonjwa anachelewa, yote kwa kipande cha mpira.

Leo tujifunze habari ya mabomba hayo. Hata mwenye mashine ya kusaga au boti ya injini ya dizeli asome, maana mambo ni yale yale.

SAFARI YA MAFUTA

Mafuta yanaanza katika tangi. Pampu ndogo inayavuta kupitia bomba refu lililofungwa kwenye chesisi. Kisha inayasukuma kwenye filta, yasafishwe. Kutoka filta yanaingia pampu kubwa ya dizeli. Pampu hiyo inayasukuma kwa nguvu nyingi sana, kupitia mabomba membamba ya chuma kigumu, mpaka kwenye nozeli. Mafundi wengi husema nozo. Nozeli inanyunyiza mafuta ndani ya injini, yanawaka, gari linakwenda. Mafuta yaliyobaki yanarudi tangini kwa bomba la marejeo.

Basi kuna sehemu tatu: sehemu ya kuvuta, sehemu ya kusukuma kwa nguvu ndogo, na sehemu ya nguvu kubwa. Kila moja ina ugonjwa wake.

MFANO WA DAFU

Chukua mrija, unywe dafu. Mrija ukiwa na tundu juu ya maji, utavuta, utavuta, unapata hewa tu. Na nje ya mrija hutaona hata tone moja.

Ndivyo lilivyo bomba la kuvuta. Likipata ufa mdogo, mara nyingi halivuji nje. Linavuta hewa kuingia ndani. Dereva anaangalia chini ya gari, pakavu. Anasema, "Mabomba mazima, pampu ndiyo mbovu." Ananunua pampu nyingine kwa fedha nyingi, na gari bado linakataa.

Dalili za kuvuta hewa ni hizi. Asubuhi gari linawaka kwa shida, kwa sababu usiku mafuta yamerudi tangini. Mlimani linakosa nguvu. Injini inakohoa, inazima, kisha ukitoa hewa inawaka tena kwa muda.

Njia ya kupima ni rahisi. Weka dizeli safi katika dumu. Ondoa bomba la kutoka tangini, na badala yake funga mpira mpya mfupi kutoka kwenye dumu mpaka pampu ndogo. Toa hewa, washa injini. Ikiunguruma vizuri, ubovu uko nyuma, kati ya tangi na pampu. Isipobadilika, tafuta mbele. Umepima bila kununua pampu.

KWA NINI YANAHARIBIKA?

Kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari una chumvi, na lori la kubeba chumvi linaongezewa nyingine. Bomba la chuma linapata kutu, hasa pale lilipofungwa, kwa kuwa uchafu na maji vinakaa hapo.

Pili ni mtikisiko. Barabara za vijijini zina mashimo. Bomba lisilofungwa vizuri linasuguana na chesisi mpaka linatoboka.

Tatu ni joto na uzee. Mpira unakauka, unapasuka kama ardhi ya kiangazi.

Nne ni mafuta yenyewe. Dizeli za siku hizi zina salfa kidogo kuliko za zamani. Kuipunguza salfa kunabadili pia vitu vingine ndani ya mafuta. Marekani ilipobadili dizeli yake mwaka 1993, baadhi ya magari ya zamani yalianza kuvuja. Mipira ya kuzibia iliyozoea mafuta ya zamani ilisinyaa. Kwa hiyo lori la miaka mingi, lenye mipira yake ya kwanza, likaguliwe kwa makini.

TUWEKE BOMBA GANI?

Wengine hufunga mpira wa maji ya bustani. Huo haufai. Dizeli inaulainisha, unavimba, na vipande vyake vinaziba filta. Nunua mpira uliotengenezwa kwa mafuta. Mara nyingi umeandikwa ubavuni kwamba ni wa dizeli au mafuta. Wewe sasa unajua kusoma, basi usome kabla ya kulipa.

Wengine hupenda bomba la shaba, kwa kuwa halishiki kutu. Ni kweli halishiki kutu. Lakini shaba ikitikiswa siku nyingi inakuwa ngumu, halafu inapasuka. Tena shaba inaharakisha dizeli kuharibika na kufanya utandoutando. Bora ni bomba jipya la chuma lililopakwa rangi ya kuzuia kutu, au bomba la nailoni lililotengenezwa kwa dizeli. Nailoni haishiki kutu kabisa, lakini ikae mbali na ekzosi.

Upana wa ndani uwe sawa na wa bomba la zamani. Bomba jembamba linaifanya injini ione njaa.

Yale mabomba ya nguvu kubwa, ya kwenda kwenye nozeli, hayabadilishwi kwa mpira, wala shaba, wala nailoni. Ni chuma maalumu tu, la aina ile ile na urefu ule ule. Usilichomelee. Likipasuka, nunua jingine.

KAZI YENYEWE

1. Simamisha gari mahali tambarare. Weka mawe kwenye magurudumu. Ngoja injini ipoe. Ondoa waya wa betri. Sigara na koroboi viwe mbali.

2. Safisha viungo vyote kabla ya kuvifungua. Chembe ya mchanga ikiingia kwenye pampu kubwa, inaikwaruza.

3. Kinga mafuta katika chombo. Usivute dizeli kwa mdomo! Ikiingia mapafuni inaleta ugonjwa mkali wa kifua. Mtu akiimeza, msimtapishe, mpelekeni hospitali.

4. Toa bomba la zamani bila kulikunja, liwe kipimo cha bomba jipya. Ziba midomo iliyobaki wazi kwa vizibo safi.

5. Kata mpira kwa kisu kikali, ukate wima. Bomba la chuma ukilikata kwa msumeno, lipige tupa mdomoni, kisha lisukutue kwa dizeli safi mpaka vumbi la chuma litoke lote.

6. Pitisha bomba jipya mbali na ekzosi na mbali na vitu vinavyozunguka. Lifunge kwenye chesisi kwa vishikio vyenye mpira, visiachane sana. Linapopita kwenye tundu la chuma, livike kipande cha mpira.

7. Kati ya chesisi na injini weka mpira wenye ulegevu kidogo. Injini inacheza, chesisi haichezi. Ukiweka bomba gumu hapo, litakatika.

8. Kaza mipira kwa klipu za bisibisi. Waya unakata mpira. Kwenye bolti zenye tundu weka washa mpya za shaba.

9. Weka filta mpya. Ukiweza, ongeza kikombe cha kutegea maji kati ya tangi na pampu ndogo. Hewa ya pwani ina unyevu, na maji hujikusanya ndani ya tangi. Fungua kikombe mara kwa mara, maji yatoke. Tena jaza tangi jioni, usiliache tupu usiku kucha.

KUTOA HEWA

Ukimaliza kufunga, mabomba yamejaa hewa. Weka mafuta tangini. Legeza skrubu ya hewa juu ya filta. Piga pampu ndogo kwa mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Kaza. Fanya hivyo pia kwenye skrubu ya pampu kubwa. Rudisha waya wa betri, kisha jaribu kuwasha. Usishike staata muda mrefu. Sekunde 10, kisha ipumzike. Ikikataa kabisa, mwite fundi atoe hewa upande wa nozeli.

Baada ya safari ya kwanza kagua viungo vyote na kaza klipu zilizolegea.

HATARI TUSIYOIDHARAU

Bomba la nguvu kubwa likipata tundu dogo, mafuta yanatoka kama sindano. Yanaweza kutoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kidonda kinaonekana kidogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba, na maumivu huenda yasiwe makali mwanzoni. Usidanganyike. Ndani nyama inaanza kuharibika, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono.

Kwa hiyo usitafute uvujaji kwa kidole wakati injini inaunguruma. Tumia kipande cha boksi. Aliyepigwa na mafuta hayo aende hospitali saa ile ile, iwe Kinyonga pale Kilwa Kivinje, au Sokoine mjini Lindi. Amwambie daktari wazi: "Ni dizeli iliyoingia kwa nguvu." Asingoje kesho.

Tena dizeli ikidondokea ekzosi yenye moto mkali, gari linaweza kuwaka. Na dizeli inayovuja karibu na kisima inaharibu maji ya kunywa ya kijiji kizima.

TUPIGE HESABU

"Linavuja kidogo tu," husema wengi. Haya, tuhesabu. Tone moja linaanguka kila sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600, basi ni matone 3,600. Tuchukue kwamba matone 30 ni mililita 1. Kwa saa ni mililita 120. Kwa siku nzima, usiku na mchana, ni mililita 2,880, yaani karibu lita 3. Kwa siku 30 ni lita 86 na zaidi. Zidisha kwa bei ya lita moja dukani kwenu. Kisha linganisha na bei ya mpira na klipu mbili.

Sabuni ya kipande inaweza kuziba ufa wa tangi mpaka ufike mjini. Kamba ya tyubu nayo husaidia kidogo. Lakini hiyo ni dawa ya njiani, haiponyi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi kikundi chenye lori kikague mabomba kabla ya msimu wa ufuta, na tena kabla ya korosho. Tarehe ya ukaguzi iandikwe daftarini.

MANENO YA KUKUMBUKA

Chesisi: mifupa ya chuma ya gari, chini ya bodi.
Nozeli: kifaa kinachonyunyiza mafuta ndani ya injini.
Bomba la marejeo: bomba linalorudisha mafuta tangini.
Klipu: mkanda wa chuma unaokaza mpira kwenye bomba.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini bomba la kuvuta linaweza kupasuka bila kudondosha mafuta?
2. Dereva anataka kununua pampu mpya. Mtamshauri apime nini kwanza?
3. Kwa nini hatutumii kidole kutafuta uvujaji?
4. Lori linadondosha tone moja kila sekunde 2. Kwa siku 30 linapoteza lita ngapi?
5. Katika kijiji chenu, nani ana wajibu wa kukagua lori au mashine ya kusaga, na anaandika wapi?