Kuvuta Mashua kwa Pikapu

Zamani za wazee wetu mashua ndiyo iliyobeba karafuu. Ilipakia magunia horini ikayafikisha Wete, Chake Chake au Mkoani, kwani barabara zilikuwa chache. Siku hizi mambo yamegeuka: karafuu imepanda gari, na mashua nayo yavutwa nyuma ya gari. Wako wanachama wenye pikapu ya kuchukulia mavuno na wenye chombo pwani pia, na kusi ikiondoka na kaskazi ikiingia, au chombo kikitaka fundi, hukipandisha juu ya tela wakakipeleka upande wa pili wa kisiwa. Twaona kazi hii aghalabu hufanywa kwa moyo mkubwa na hesabu ndogo, na ndiyo sababu tumeipa nafasi katika toleo hili.

Mtu akiulizwa kama gari lake linaweza kuvuta mashua, hujibu kwa habari za injini. Lakini pikapu yoyote iliyo nzima itaiondoa mashua mahali tambarare. La kuulizwa ni kama itaweza kuizuia kwenye mteremko wa kushukia bandarini, na kama tela litaifuata gari au litajipeleka lenyewe.

Tuanze na hilo la pili. Kila aliyechukua mzega anajua kuwa mzigo ukizidi nyuma, mti huinuka mbele na mchukuzi huyumba. Tela ni hivyo hivyo. Mkono wake wa mbele, unaokaa juu ya tufe la chuma nyuma ya gari, yapasa ulielemee gari kidogo; kipimo kinachotumiwa na wengi ni kama sehemu moja katika kumi ya uzito wote wa tela na mzigo wake. Ukipungua sana, tela huanza kutikisa mkia kulia na kushoto, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo mtikisiko unavyokua, hata gari lenyewe huvutwa nje ya barabara. Ukizidi sana, springi za nyuma hulala, magurudumu ya mbele huwa mepesi, na dereva hugeuza usukani gari lisimsikie upesi.

Mashua zetu zina tabia ya kuelemea nyuma. Mashine ya nguvu za farasi 40 peke yake ina kilo 70 au zaidi, nayo hutundikwa shetri, tena tangi la mafuta na nyavu huwekwa karibu yake. Basi tuseme mashua ya faiba ina kilo 450, mashine 70, mafuta na nyavu 80, na tela lenyewe 200. Jumla ni kilo 800, na mkono wa mbele wapaswa kuelemea kwa kilo 80 hivi. Nani atajua kama ni 80 au ni 20? Hapo wakulima wa karafuu tumewapita wengine, maana mizani tunayo. Tela likiwa limepakiwa, mahali palipo sawa, zuieni magurudumu yake kwa mawe, kisha wekeni mkono wa tela juu ya mizani ya magunia kwa kigogo kitakachouinua hadi kimo kile kile utakachokuwa nacho ukifungwa garini. Someni. Ukiwa mwepesi, isogezeni mashua mbele juu ya tela. Ukiwa mzito, irudisheni nyuma. Ni kazi ya robo saa.

Sasa breki. Katika Australia na nchi nyingi za Ulaya tela lisilo na breki zake lenyewe haliruhusiwi kupita kilo 750 pamoja na mzigo, nasi twaona kipimo hicho ni cha busara hata katika vilima vyetu. Kwa mfano wetu wa kilo 800, tayari tumepita. Lakini teremsheni mashine, mafuta na nyavu, vipakieni ndani ya pikapu, na tela litabaki na kilo 650. Kwa kitendo hicho kimoja uzito umeingia katika kipimo na shetri imepungua mzigo. Pimeni mkono tena, kwani sasa wataka kilo 65 tu, na huenda mashua ikabidi irudishwe nyuma kidogo. Magunia ya karafuu yangoje safari ya pili. Ama kirikuu, kile kigari kiliundwa kwa mzigo wa kilo 350 na kina injini ndogo ya sisi 660; tungependa kiachiwe ndizi na muhogo.

Mwendo nao una hesabu yake. Mkitoka kilomita 30 kwa saa mkafika 60, kazi ya breki haiongezeki mara mbili, huongezeka mara nne. Kwenye mteremko ingieni gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Msingoje breki zipate moto, maana breki ya moto haishiki. Na tela likianza kutikisika, ondoeni mguu kwenye mafuta, shikeni usukani sawa, mwache gari lipunguze mwendo lenyewe. Kukanyaga breki kwa ghafula ndiko kunakopindua.

Tufe la chuma lataka macho mawili. Yako ya milimita 50, na yako ya inchi mbili, na yako yaliyo madogo kuliko hayo. Kikombe cha inchi mbili kitafunga juu ya tufe dogo kana kwamba ni lake, kisha kwenye shimo la kwanza kitaruka. Someni namba zilizochorwa juu ya vyote viwili. Fungeni na minyororo miwili, ipishane chini ya mkono wa tela, ili mkono ukitoka uangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba barabara.

Mashua ya mbao ikae kwa mkuku wake. Nguzo za ubavuni ni za kuizuia isilale tu, na zikibeba uzito mbao huachana na kalafati hutoka. Ngalawa itolewe matengo. Fungeni shetri pia, wala msitegemee kamba ya omo peke yake, na toeni kizibo ili mvua isigeuze mashua kuwa birika. Lita moja ya maji ni kilo moja. Taa za gari zikifichwa na mashua, tela liwe na taa zake. Na watoto na wachumaji wasipande ndani ya mashua inayovutwa. Twajua hupendeza, na twajua huimba, lakini kikombe kikiruka hakuna atakayeokoka kwa kushika ukingo.

Kurudi nyuma kwawashinda wengi. Shikeni usukani kwa chini: mkono ukienda kulia, tela litakwenda kulia. Aliyezoea kana hatashangaa, maana na kana nayo huenda kinyume.

Pwani, chagueni saa. Bamvua kwetu hupanda na kushuka kama mita nne, na wakati wa kupwa gari huachwa kwenye mchanga laini mbali na maji. Ngojeni maji yakaribie kujaa. Tandikeni mbao chini ya mipira, na ikiwa mchanga hauaminiki, liacheni gari juu pakavu mshushe tela kwa kamba ndefu, watu wakilishika pande zote. Rudisheni kizibo kabla, si baada. Tela lililotoka safari ndefu lipumzike kwanza: beringi zenye moto zikitiwa ghafula katika maji ya baridi, hewa ndani yake hunywea na kuvuta maji ya chumvi, na girisi huharibika. Mkirudi, osheni kwa maji baridi ya kisima, magurudumu na breki na springi, siku ile ile.